Nusu Kwangu, Nusu kwa Mama Mudogo

Mpaka leo siwezi kukaa kwa fundi wa nguo nikasubiri. Nikiingia tu, ile harufu ya kitenge kipya, kikwembe kama tunavyokiita sisi, chenye wanga wake bado, ikichanganyika na mafuta ya mashini na moshi wa pasi ya makaa, miguu yangu inaanza kutafuta mlango. Mwezi uliopita, hapa Beni, fundi aliyekuwa akinishonea nguo ya arusi ya shemeji yangu aliniomba nivumilie dakika chache amalizie kola. Nikakaa. Kisha akashika kitambaa kingine, akakikata kidogo kwa makasi, akakichana kwa mikono, na mlio ule ukapita mgongoni mwangu. Nilisimama nikasema narudi sasa hivi. Sikurudi. Nguo nilimtuma binti yangu akaichukue, na yeye akaniuliza nyumbani kama nimegombana na yule fundi.

Sikugombana na mtu. Ni mambo ya zamani, ya wakati nilipokuwa na miaka saba.

Mama yangu alikuwa fundi. Tulikaa upande wa Beu, hapa hapa Beni, katika nyumba ya mbao, na mashini yake ya miguu ilikaa barazani, mahali ambapo mpita njia angemwona na kukumbuka kwamba nyumbani ana shati lililopasuka. Chini ya mashini palikuwa na gunia la vipande. Hakuna kilichotupwa kwetu. Pembe iliyobaki baada ya kukata gauni la mtu iligeuka kofia ya mtoto mchanga, na ukanda mrefu ulisukwa ukawa kata ya kichwani ya kubebea maji. Mfuko wangu wa shule ulikuwa wa pembetatu zilizounganishwa, hakuna mbili zilizofanana. Vile vidogo kabisa, vya ukubwa wa ukucha, viliingia ndani ya mito. Nililalia nguo za mtaa mzima. Kabla ya usingizi nilikuwa nikiupapasa mto wangu na kukisia: hili gumu ni koti la mwalimu, hili laini ni gauni la ubatizo la kwa jirani.

Wateja wengi wa mama hawakujua kusoma, na majina yetu sisi Wanande hayasaidii sana. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, na ndivyo ilivyo karibu kila nyumba. Dada yangu aliitwa Masika, mimi Kavira, na mdogo wetu, kwa kuwa alikuwa mvulana aliyekuja baada ya wasichana, Muhindo. Ukiita “Kavira” sokoni, utapata Kavira hata usiyemtaka. Kwa hiyo mama hakuandika jina kwenye nguo ya mtu. Alichukua kipande kilichobaki cha kitambaa kile kile, akakikata katikati, nusu akaibana kwenye nguo kwa pini, nusu akampa mwenyewe aende nayo. Siku ya kuchukua, mteja alileta nusu yake, mama akaziweka mbili juu ya goti, na maua yakikutana, nguo ilikwenda. Siku hiyo ya kuchukua ilikuwa kila Jumamosi. Niliketi chini ya mashini nikitazama nguo zinavyoondoka moja moja, na sikuwahi kuzihurumia.

Kisha ikaja ile miezi ambayo wakubwa walianza kusema kwa sauti ya chini habari za watu wanaouawa mashambani. Baba alikuwa na shamba la kakao upande wa Mbau, na alizoea kukaa huko siku nne au tano. Sasa kila alipochelewa, mama alisimamisha mashini pikipiki ilipopita, akasikiliza, akaanza tena, akasimamisha tena. Nguo za wakati ule zilikuwa na mishono iliyokatika katika. Tulikatazwa kwenda kisimani peke yetu. Jirani mmoja alihamia mjini na vitanda vyake vyote, mwingine akarudi, na hakuna aliyetueleza kwa nini huyu anaondoka na huyu anarudi. Sisi watoto tulicheza, lakini tulicheza karibu na mlango.

Alasiri moja mama alikusanya nguo zetu zote, akafungua gunia, akachagua vipande vitatu vikubwa kidogo. Cha Masika kilikuwa chekundu chenye miavuli. Cha Muhindo kilikuwa na mistari ya buluu. Changu kilikuwa cha manjano na katikati yake palikuwa na kuku wawili wazima, na mama akapitisha makasi shingoni mwao. Vichwa akavishona ndani ya magauni yangu mawili, kimoja kila gauni, chini ya kwapa. Miili akaiweka pembeni. Kisha akatusimamisha mbele yake.

“Hii hapana toa,” alisema. “Mutu akikuya na nusu yake, na bikakutana, munamufata. Mutu mwingine hapana kumufata, hata akiwapa bisikuti.”

Masika, aliyekuwa anaelekea miaka kumi na mitatu, aliinamisha kichwa. Mimi niliuliza mtu huyo atakuja lini.

“Mungu atusaidie,” mama akasema, “asikuye hata siku moja.”

Nilishika maneno mawili tu ya mwisho. Siku moja.

Mnaelewa sasa nilivyoelewa mimi. Katika nyumba ile, kitu kilichoshonewa nusu ya kipande kilikuwa ni kitu cha mtu mwingine, kimekwisha, kinangoja mwenyewe. Mama alikuwa ametumaliza. Tulikuwa tumeagizwa, na kilichobaki kilikuwa kujua nani ametuagiza.

Ijumaa nikajua. Mama Mudogo, mdogo wake mama, alifanya biashara ya maharage Butembo. Karibu kila juma aliteremka Beni na lori, akalala kwetu, na kesho yake akapanda tena na mafuta ya mawese. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, aliyetuletea karanga zilizofungwa kwenye fundo la kikwembe chake. Hakuwa na mtoto. Mumewe alikuwa amemrudisha kwao kwa sababu hiyo, na wakubwa walilisema jambo hilo mbele yetu kama vile sisi hatuna masikio. Ijumaa ile nilikuwa nyuma ya pazia la mlango nilipomwona mama akimpa vile vipande. Miili ya kuku, miavuli, mistari ya buluu. Mama Mudogo alivikunja ndani ya kitambaa cha mkononi, akavitia kifuani, na machozi yakaanza kumtoka. Nilikuwa nimeona wateja wakifurahia nguo zao, lakini yeye ndiye wa kwanza kulia. Nilifikiri tumempendeza sana.

Kuanzia hapo Jumamosi zikawa siku zangu za kutoroka. Alfajiri, kabla lori halijapiga honi, nilikuwa kwenye migomba ya jirani, nikakaa huko mpaka nisikie limepita. Karanga zake sikuzigusa. Mama alinipiga mara moja, mara ya pili akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Usiku sikupapasa tena mto wangu, nililala nikishika kwapa. Na siku moja, mama alipokwenda sokoni, nilichukua wembe wake, nikafumua uzi mmoja mmoja jinsi nilivyomwona akifanya, nikatoa vichwa vyote viwili vya kuku, nikavitupa chooni. Nilijisikia mwepesi. Nguo isiyo na kipande haichukuliwi na mtu.

Sijui zilipita siku ngapi. Baba alikuwa shambani, mama na Masika walikuwa wamekwenda katikati ya mji kupeleka nguo za kwaya, nami niliachiwa sufuria ya maharage na Muhindo, ambaye hata miaka mitatu hakuwa ametimiza. Kwanza nilisikia milio ya bunduki, kisha nikaona watu wanatoka upande wa barabara ya Mbau, wengine na magodoro kichwani, wengine bila viatu, na hakuna aliyemwita mwenzake. Mama Soki, jirani yetu, aliingia kwetu bila kubisha. Alimnyakua Muhindo, akanishika mkono, akapiga teke makaa yaliyokuwa chini ya sufuria. Nikamwambia mama hayupo. Akasema mama atatukuta mbele.

Tulipandishwa juu ya lori la mbao, watu wengi, mbuzi mmoja. Nakumbuka vumbi, na jinsi joto la Beni lilivyobaki nyuma kidogo kidogo mpaka magoti yangu yakaanza kutetemeka kwa baridi ya Butembo. Kila tulipomkuta mwanamke anayetembea kando ya barabara nilisimama kumtazama, na kila mara mtu alinivuta chini. Mama Soki alikuwa anaendelea na lori lile lile hadi Kanyabayonga, kwa baba yake. Alisema hawezi kutupeleka mbali hivyo, mama atatutafuta Butembo. Basi akatushusha kwenye ukumbi wa parokia moja ambapo watoto wa Beni waliopotezana na wazazi walikuwa wanakusanywa, akanifunga Muhindo mgongoni, akapanda tena. Alikuwa analia na alikuwa na haraka.

Mama aliyesimamia ukumbi ule alikuwa na miwani na daftari. Aliniuliza jina. Nikasema Kavira. Akauliza mama yangu anaitwa nani, nikasema Mama Masika. Aliandika, akaniangalia kwa huruma, maana kwenye ukurasa ule Kavira walikuwa tayari watatu, na mama za wawili kati yao waliitwa pia Mama Masika. Tulipewa uji na nafasi kwenye mkeka karibu na ukuta.

Kesho yake asubuhi Mama Mudogo aliingia. Alikuwa amesikia kwamba watu wa Beni wanafika, na tangu jana alikuwa akizunguka kila kanisa na kila shule. Nilimwona kabla hajaniona. Alisimama mlangoni, akatia mkono kifuani, akatoa kile kitambaa cha mkononi, akakifungua.

Nilijua kwamba siku moja imefika.

Muhindo alimwona naye, akanyoosha mikono. Mama mwenye miwani hakumwachia hivi hivi. Jana yake mtu asiyejulikana alikuwa amejaribu kuondoka na mtoto asiye wake, na kwa sababu hiyo yeye alikuwa mkali kwa kila mtu. Mama Mudogo akamwonyesha vipande, akaomba wageuze shati la Muhindo. Mistari ya buluu ikakutana. Kisha akaomba wageuze gauni langu. Wakatazama chini ya kwapa, la kulia na la kushoto. Palikuwa na matundu madogo ya sindano, basi. Mama Mudogo alibaki ameshika mwili wa kuku kati ya vidole viwili.

“Huyu pia ni wetu,” alisema. “Ni Kavira, wa dada yangu.”

Mama mwenye miwani akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Akaniuliza taratibu, “Unamujua huyu mama?”

Nilimtazama Mama Mudogo. Nikaona mikono yake mirefu, fundo la kikwembe chake, na kichwani mwangu nikaona lori, nyumba yake ya matofali Butembo, na mama yetu akifika Beu anakuta baraza tupu, asijue kwamba mteja amekwisha chukua.

“Hapana,” nikasema.

Sikusema kwa sauti kubwa, lakini nilisema vizuri. Mama Mudogo hakubisha, na wala hakunikemea. Aliketi sakafuni pale pale. Mama mwenye miwani akasema kwamba mdogo anaweza kwenda, kitambaa kimekubali na yeye mwenyewe amekubali, lakini mkubwa abaki mpaka apatikane mtu mwingine wa kumjua. Nilingoja waondoke. Muhindo alikuwa tayari shingoni mwake.

“Sitawatenganisha,” Mama Mudogo akasema. “Kama ule anabaki, tunabaki.”

Akabaki. Maharage yake yalikuwa sokoni yakiuzwa na mtu mwingine au hayauzwi, sijui. Alikaa kwenye mkeka wa tatu kutoka kwangu, hakujaribu kunisogelea. Katika mfuko wake alikuwa na vipande vidogo vya mama, vile ambavyo mama alimpa kila juma ajazie mito. Aliazima sindano, akakaa akishona. Watoto wakamzunguka, maana pale ndani hapakuwa na la kufanya ila kutazama mlango. Aliwakatia vipande, wakaunganisha vipochi visivyo na umbo, wengine wakajichoma na kucheka. Mimi nilitembea. Nilitembea kutoka ukuta mpaka dirisha, kutoka dirisha mpaka mlango, nikahesabu nguzo, nikarudi. Jioni alimtengenezea Muhindo kamto ka kulalia kwa sababu saruji ilikuwa baridi. Alitengeneza na kengine, akakaweka juu ya mkeka uliokuwa kati yetu, akageukia upande wa pili. Sikukachukua. Baadaye, nilipoona amelala, nilikachukua. Nilikapapasa kwa mazoea, na ndani yake nikazikuta nguo zote za Beu.

Siku ya tatu mama alifika. Alikuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na Masika na baba. Alichelewa kwa sababu badala ya kukimbilia kusini kama watu wote, alikwenda kwanza mpaka mahali askari walipofunga barabara ya Mbau, akakataa kuondoka hapo mpaka alipomwona baba anatokea, mguu wake mmoja umefungwa shati. Nilimrukia. Alinishika, akanigeuza, akapapasa chini ya kwapa langu kabla ya kunipapasa uso.

“Kipande iko wapi?”

Ukumbi mzima ulikuwa unasikia, au ndivyo nilivyoona. Mama Mudogo alikuwa amesimama nyuma yake.

“Ilifumuka mu lori, yaya,” alimwambia dada yake. “Mbao ilimukwaruza.”

Mama akasema alipaswa kutumia uzi mnene zaidi, na hapo ndipo akaanza kulia.

Tulikaa kwa Mama Mudogo karibu miaka miwili. Mama alipata mashini ya kuazima. Baba hakurudi tena kwenye kakao. Masika ndiye aliyenieleza maana ya vile vipande, siku moja tukiwa tunafua, kana kwamba ni jambo ambalo kila mtu analijua, na niliendelea kusugua shati lile lile mpaka akaninyang’anya. Miaka hiyo miwili sikutulia. Kila Mama Mudogo alipofungua kinywa mbele ya mama nilidhani sasa anasema. Alipocheka naye jikoni nilikwenda kusikiliza. Hakusema. Alinifundisha kutia uzi, kupinda pindo, kuunganisha pembetatu bila kuvuta kitambaa, na hakusema. Tulirudi Beni hakusema. Mama alikufa miaka mingi baadaye akiamini kwamba uzi wake ulikuwa mwembamba.

Juma lile baada ya kumkimbia fundi nilipanda Butembo. Mama Mudogo sasa magoti hayamsaidii. Nilimkuta ameketi na ungo wa maharage mapajani, nyumba nzima kimya, viti vyote ukutani. Nilikuwa nimepanga kula kwanza, kuulizana habari za watoto, lakini sikuweza hata kukaa.

“Mama Mudogo,” nikasema nikiwa nimesimama, “ile siku mu sale ya parokia, nilikujua.”

Aliendelea kuchambua. “Najua,” akasema. “Nani anaweza kusahau mutu wa karanga?”

Nikamweleza yote, kwapa, wembe, choo, migomba ya Jumamosi. Nikamwambia nilifikiri ametuagiza. Hapo mikono yake ikasimama. Nikafikiri nimemuumiza kwa kitu kilichokwisha pona.

Kisha akaniambia kwamba sikukosea kabisa. Mwaka mmoja kabla ya mambo yale, alikuwa amepiga magoti mbele ya mama, pale barazani kwetu, akamwomba mtoto mmoja wa kulea. Mama hakukataa wala hakukubali, alimwambia wataongea maharage yakivunwa. Maharage yakavunwa, mama akanyamaza. Naye akaona haya kuuliza tena.

“Halafu ile Ijumaa akaniita,” Mama Mudogo akasema. “Akanipa batoto batatu. Akasema, kama siye tukikufa, hawa ni bako. Mimi nilikuwa nimeomba moja tu, na nikaona kama ni kinywa yangu ndiyo imeleta ile mambo. Ndiyo sababu nililia.”

Nilimuuliza alikuwa ameomba nani. Nilijua, lakini nilimuuliza.

“Wewe.”

“Mbona hapana Masika? Masika alikuwa anajua kupika, kufua, kila kitu.”

“Masika alikuwa anatulia,” akasema. “Nyumba yangu ilikuwa imekwisha kutulia sana. Wewe ulikuwa hapana kaa hata dakika.”

Nilitoka uani nikampigia mume wangu, nikamwambia nitabaki mpaka Jumapili, asiniulize sababu. Niliporudi ndani nikafungua madirisha yote, nikavuta viti kutoka ukutani, nikaingia jikoni nikaanza kushusha masufuria na kuyagonga gonga nikitafuta lile la maharage, nikatoka, nikaingia tena. Mama Mudogo aliendelea na ungo wake, na hakuniambia nikae.